Matundu ya Bandi

Nyapara wa wapagazi aliutoa mfuko kwenye pipa la maji, akaupangusa kwa kiganja, kisha akaukunjua mdomo wake taratibu, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndani alikuwa ametia gazeti la zamani. Nusu ya juu ya gazeti ilitoka kavu, inasomeka. Nusu ya chini ilimeguka na kubaki kitakoni.

"Huu mfuko unalia," alisema mpagazi mmoja kwenye foleni.

"Mletee leso!" alijibu mwingine, na uwanja mzima ukacheka.

Mwenye mfuko alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, na jina hilo lilikuwa limemfuata mpaka hapo uwanjani. Hakucheka wala hakununa. Aliinama akakusanya vipande vya gazeti, maana hakutaka mtu mwingine amfanyie usafi.

"Nani amekushonea?" aliuliza nyapara.

"Mama."

"Mama Bandi? Hii suruali niliyovaa aliipunguza yeye. Huu mwaka wa nne haijaachia hata uzi." Alikuna kidevu, akautazama mfuko kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. "Basi sijui kimemtokea nini."

Wapagazi walikuwa wakijiandaa kwa safari ya siku sita mlimani, na hii ingekuwa safari ya kwanza ya Kitinda. Nafasi aliitafuta tangu mwanzo wa mwaka. Sharti la nyapara lilikuwa moja na halikuwa na msamaha: kila mpagazi awe na mfuko usioingiza maji wa kutilia nguo na mfuko wake wa kulalia. Mfuko wenyewe ni kitu rahisi kukieleza. Ni kama pipa la kitambaa cha nailoni chenye utando upande mmoja. Mdomo wake unakunjwa mara tatu, kisha ncha mbili zinabanwa kwa kifungo cha plastiki. Kuushona ndiyo kazi.

"Kule juu mvua haina adabu," nyapara alimwambia Kitinda, akiwa ameshusha sauti ili wengine wasisikie. "Msimu uliopita mtu wangu mmoja alilala kwenye matandiko yaliyolowa. Tulimteremsha kwa machela, hajui hata jina lake. Tangu hapo sijali mtu ni nani. Leo Jumatano. Gari linaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi. Njoo saa moja na mfuko mwingine, niuzamishe. Ukifaulu, panda. Usipofaulu, nafasi yako anachukua yule pale."

Yule pale alikuwa mwanamume mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, ameketi juu ya tofali, mfuko wake tayari umeshapimwa na kukutwa sawa. Kitinda alipomtazama, yule bwana alianza kufunga upya kamba za viatu vyake ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri tu. Hakutaka aonekane anafurahia.

Dukani mifuko ya aina hiyo ilikuwepo, imetundikwa mlangoni, mizuri. Bei ya mmoja ilikuwa sawasawa na malipo ya siku zote sita. Kununua kungekuwa kupanda mlima bure.

*

Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele kinachotazama barabara, na chumba hicho kilikuwa na kazi mbili. Upande wa ndani baba alitengeneza baiskeli. Upande wa mlangoni mama alishona. Kati yao palikuwa na kiti kimoja cha wateja, na mteja akikaa vibaya, goti moja lilipata grisi na jingine vipande vya nyuzi.

Siku hiyo kitini alikaa Mwalimu, mwanamke mmoja mpole anayefundisha darasa la kwanza, aliyekuja kujaribu gauni. Alikwisha kulijaribu, likamkaa vema, lakini hakuwa na haraka ya kuondoka. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano za mkono, moja baada ya nyingine, na kuzichomeka kwenye mto mdogo wa sindano.

"Haya, mpagazi wetu," alisema mama bila kuinua uso kwenye cherehani. "Wamesemaje?"

"Yameingia maji kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Gazeti limekufa, Mama."

Mama alisimamisha cherehani. "Haiwezekani. Huo mfuko nimeupiga bandi wote. Ubavu, kitako, mpaka mdomo. Wewe mwenyewe uliniona."

Na ni kweli alikuwa amemwona, kama mtaa mzima ulivyokuwa umemwona kwa miaka. Mafundi wengine hushikiza kitambaa kwa pini mbili tatu, wakashona. Mama hakushona hata kiraka kabla hajakipiga bandi, yaani kukishikiza kwa mkono kwa uzi mweupe mnene, hatua ndefu zinazolingana, halafu akishamaliza kushona kwa cherehani anauvuta uzi ule wote. Ndiyo maana wakamwita Mama Bandi. Wateja wenye haraka walilalamika. Wateja wenye akili walisubiri.

"Lete hapa," alisema baba, akijifuta mikono. "Mgonjwa apimwe na daktari wake."

"Daktari wa matairi," alisema mama.

"Tairi na mfuko ni ndugu, mke wangu. Vyote vinaugua tundu."

Aliupepea mfuko mpaka ukajaa hewa, akaukunja mdomo mara tatu, akaubana, kisha akauzamisha kwenye beseni analopimia mipira ya baiskeli. Mwalimu aliacha sindano akasogea kutazama. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha baba akakandamiza, na vijipovu vikaanza kupanda. Havikutoka kwenye mshono. Mshono ulikuwa umepakwa gundi na gundi ilikuwa imeshika. Vilitoka kando ya mshono, upana wa ukucha kutoka pale, kwa mstari ulionyooka, kila kimoja kikiwa mbali na mwenzake kwa kipimo kilekile.

"He!" alisema baba. "Nimewahi kuona wezi, lakini hawa wamepanga foleni."

Mama alikuwa ameinama juu ya beseni mpaka pua inakaribia maji. Aliingiza kidole akafuata ule mstari wa vijipovu, tundu kwa tundu. Aliujua. Mkono wa mtu ni kama sauti yake, hahitaji kuambiwa.

"Ni bandi yangu," alisema.

Kwenye pamba, tundu la sindano hujifunga ukishaufua mshono mara moja. Kwenye sufu hata hulioni. Lakini kitambaa hiki chenye utando kinakumbuka kila sindano iliyokigusa, na mama alikigusa pande zote kwa uangalifu wote alionao. Angekuwa fundi mvivu, mfuko usingevuja.

"Si kosa lako," alisema Kitinda haraka. "Nani angejua?"

"Fundi ndiye hujua," alisema mama, akarudi kukaa.

*

Alhamisi walijaribu kuyaziba matundu. Kitinda alipaka gundi tundu moja moja kwa kijiti cha kiberiti, akaanika mfuko kivulini, na walipoujaza nguo na kuukalia, kama mzigo unavyokaliwa na mizigo mingine, gundi ilibanduka vipele vipele. Matundu ya bandi yalikuwa makubwa, na uzito uliyapanua. Mfuko huo ulikuwa umekwisha.

Kilichobaki ni kitambaa cha mfuko mmoja, rangi ya buluu iliyokolea, na nusu ya gundi. Baba alisema maneno machache tu: "Mara hii hakuna kufumua." Halafu akatoka kwenda kuomba kwa fundi baiskeli mwenzake kifungo kingine cha plastiki, maana kile cha kwanza kilipasuka walipokikalia. Alirudi nacho, kimekatwa kwenye mkoba wa shule wa mtoto wa yule rafiki yake. Mtoto mwenyewe alikubali, baba alisema, kwa sharti kwamba aletewe jiwe la mlimani.

Ijumaa asubuhi Kitinda alikata kitambaa. Chaki haikushika kwenye utando, iliteleza na kufutika kwa kidole, kwa hiyo alichora mistari kwa kalamu ya wino. Badala ya pini alitumia vibanio vya kuanikia nguo. Ukingo ulikuwa mwembamba, wa kukunjwa na kushonwa mara mbili, na hapakuwa na mahali pa kupitisha bandi ambapo matundu yasingebaki wazi. Mambo yote yalikuwa tayari. Mama alikaa kwenye cherehani, akaweka kitambaa chini ya sindano, akashusha wayo, kile chuma kinachokibana kitambaa kisiteleze.

Kitinda alitazama. Wayo ulikuwa umetua upana wa kidole kizima nje ya mstari.

Alidhani mama anapanga. Lakini mguu wa mama ulikwenda kwenye pedali, na Kitinda akamshika mkono.

"Mama, mstari uko huku."

"Najua."

"Basi sogeza."

Mama alisogeza. Alisogeza upande mwingine.

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Baba aliacha kukaza spoki. Mama alitoa mikono yake kwenye kitambaa, akaiweka mapajani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Sikioni hicho kimstari," alisema. "Naona buluu tu."

"Tangu lini?"

"Uzi mweupe nauona. Mnene, mweupe, nikiuweka kando ya wayo nautembeza nao. Ndiyo bandi hiyo. Zamani nilipiga bandi kwa ajili ya unadhifu. Sasa... Nilisema nikishawamaliza hawa wateja nilionao, nitawaambieni."

"Wateja hawaishi, Mama!"

"Ndiyo nilichokuwa nategemea."

Kitinda alitaka kukasirika, akatafuta hasira asiione. Alimgeukia baba. "Baba, unasikia?"

Baba aliitazama spoki mkononi mwake. "Unakumbuka nilipoihamisha cherehani kutoka kule ndani nikaileta mlangoni? Nikasema nataka nafasi ya matairi?"

"Matairi yenyewe bado yako nje," alisema Kitinda.

"Mpaka leo."

Mama aligeuka kumtazama mumewe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mlango aliodhani ameufunga umeachwa wazi siku zote, na hakuna aliyeingia kuiba. "Wewe ulijua?"

"Mimi si fundi wa macho. Niliona tu unashona vizuri zaidi penye mwanga."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu muulize mwenyewe. Mimi nadhani sindano za watu hazitungi kwa sababu anapenda sindano."

Mama alifumba macho. Alikuwa amejivunia kuficha, kumbe alikuwa amefichwa yeye, na watu wawili, kwa miezi, bila neno. Aibu ilimpata, na pamoja na aibu kitu kingine ambacho hakikuwa aibu, na vyote viwili vilimtoa machozi yaleyale.

"Basi tuache," alisema Kitinda. "Mwambieni yule bwana wa tofali aende. Kuna safari nyingine."

"Kaa hapa," alisema mama. Alikuwa amesimama na anamwonyesha stuli yake. "Kaa. Utashona wewe."

"Mimi? Mama, mimi nikishona pindo linakwenda kama njia ya mlevi!"

"Kwa sababu unakimbia. Macho unayo, masikio ninayo. Kaa."

*

Mama alivuta kile kiti cha wateja mpaka goti lake likagusa stuli. Aliweka kiganja juu ya kitambaa, nyuma ya sindano, mahali ambapo mshono unatokea.

"Kanyaga polepole. Polepole zaidi. Hivyo. Usitazame sindano, itakwenda yenyewe. Tazama mstari mbele yake."

Cherehani ilianza kusema.

"Sasa unasikia? Inaimba. Ikianza kutafuna, simama."

Kitinda alikwenda kiasi cha shibiri moja. Jasho lilimtoka puani. Alitoa kibanio, akatoa cha pili. Ubavu ulipokaribia mwisho, sauti ilibadilika, ikawa nzito.

"Simama! Umefika kwenye mikunjo minne. Zungusha gurudumu kwa mkono. Moja. Mbili. Tatu. Haya, kanyaga."

Kwenye kona ya kitako alitetereka. Sindano ilichepuka nje ya mstari, na Kitinda akaganda kama aliyekanyaga kioo.

"Nimeharibu. Mama, nimeharibu."

"Inua mguu tu." Mama alipitisha ncha ya kidole chini ya kitambaa, akatulia, midomo ikihesabu. "Matatu. Yako karibu, gundi itayapita juu. Shusha sindano. Inua wayo. Geuza kitambaa, si mkono wako, kitambaa. Endelea."

Baba alijifanya anatengeneza baiskeli. Alikaza nati moja mara tano.

Walipomaliza mzunguko wa pili, mama alimfundisha kuukunja mdomo na kutia ndani yake ukanda mgumu waliokata kwenye ubavu wa dumu, ili mkunjo usilegee. Kisha gundi: si nyingi, si haba, kidole kimoja kisichoinuliwa mpaka mwisho wa mshono. Mfuko ulining'inizwa mlangoni ukauke. Mshono wa ubavuni ulikuwa na wimbi dogo katikati. Mama aliusugua kwa kidole, akalikuta lile wimbi.

"Hapa ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria nisifikirie."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatano.

*

Jumamosi Kitinda na mama walikwenda uwanjani pamoja. Baba alibaki na kazi ya mtu aliyetaka baiskeli yake kabla ya jua kuwa kali, lakini aliwasindikiza mpaka kona, kisha akasema atarudi, kisha akawasindikiza kona nyingine.

Uwanjani gari lilikuwa tayari linapakiwa. Nyapara alitia gazeti jipya mfukoni, akaukunja mdomo, akauzamisha. Hakuridhika kuushika; aliukandamiza kwa goti mpaka maji ya pipa yakammwagikia kiatuni. Wale waliocheka Jumatano walikusanyika. Bwana wa tofali alisimama nyuma yao, mzigo wake umefungwa, kofia mkononi. Mama aliona kundi kama ukungu wa rangi. Alisikia maji tu.

"Haya," alisema nyapara.

Alifungua. Alitoa gazeti akalinyanyua, likapiga kelele zile za karatasi kavu, na mama akaisikia sauti hiyo kabla mtu hajasema neno.

"'Kitanda kinauzwa,'" alisoma nyapara kwa sauti, "'bado imara, mwenyewe anahama.' Linasomeka lote! Kitinda, peleka mzigo wako garini."

Watu walishangilia, hata yule aliyetaka leso. Bwana wa tofali aliitikia kwa kichwa. Nyapara alikuwa bado anaugeuzageuza mfuko, anauvuta ubavu, anachungulia ndani.

"Mama Bandi, umeniumbua. Huu ni mzuri kuliko wa dukani. Nishonee kumi na mbili, ya kikosi kizima. Kitambaa nitaleta mimi. Unasemaje?"

Kitinda, mguu mmoja kwenye ngazi ya gari, alimtazama mama yake kisha akatazama chini. Alikuwa amekata shauri kwamba lolote mama atakalosema, yeye hatalipinga. Aseme ndiyo. Aseme ameshona yeye. Nani angeumia?

Mama alivuta kanga yake begani. Mbele yake walikuwepo watu ambao suruali zao alizipunguza, na wengine ambao wake zao walikuwa na vitambaa vyao mezani kwake wakati huohuo.

"Sikushona mimi," alisema. "Ameshona huyo unayeondoka naye. Mimi ule wa kwanza ndio nilioushona, ule uliolia. Macho yangu yamepungua. Ukiniletea hata hiyo suruali leo, itabidi nimwite mtu anionyeshe mstari. Wenye vitambaa kwangu mkawaambie wake zenu waje tuzungumze. Atakayetaka chake atakikuta kimekunjwa vizuri."

Mpagazi mmoja alikohoa. "Changu kiache hukohuko, mama," alisema. "Kikiharibika nitavaa kimeharibika." Hapo ndipo walipocheka, lakini kicheko hiki kilikuwa na mkono wa kumshika mtu asianguke.

Nyapara aliukunja mfuko akamrushia Kitinda. "Basi kazi yangu itamsubiri fundi arudi."

"Basi mtunze," alisema mama. "Unampandisha mpagazi, utamteremsha fundi."

Kitinda alishuka ngazi, akamkumbatia mama yake mbele ya watu wote, jambo ambalo aliapa asubuhi kwamba hatalifanya. Alimkaza, kama kifungo. Bwana wa tofali ndiye aliyemwinulia mzigo wake mpaka garini na kuusukuma chini ya kiti, mahali pazuri, pasipokaliwa. Nyapara alimwambia bwana huyo aje Jumanne, huenda kukawa na msafara mwingine. Hakuahidi zaidi, naye hakuomba zaidi.

Gari liliondoka. Mama alipunga mkono, na bwana yule akasimama kando yake, kofia bado mkononi. Vumbi lilitua. Mama aliendelea kupunga.

"Limeshakata kona, dada," alimwambia kwa upole.

"Najua," alisema mama, mkono ukiwa bado juu. "Bado nalisikia."